Breki Iliyonyamazishwa

Palikuwa na kijana mmoja mjini Lushoto, mkodishaji wa baiskeli za milimani. Wageni wake walizipandisha msitu wa Magamba, wengine wakaenda nazo Irente kuitazama nyika kutoka juu ya jabali, na jioni wakazirudisha zimejaa vumbi. Zote zilikuwa na breki za diski, zile za kuvutwa kwa waya. Kijana alisifika kwa usafi: minyororo iling'aa, tairi zilijaa upepo. Kitu asichokipenda ni kelele, maana kelele hufukuza wateja.

Jioni moja mteja wake, mwalimu kutoka Dar es Salaam, akamwambia, "Kaka, gurudumu la mbele linasaga mfululizo. Na kesho nataka kuteremka hadi Mombo."

"Usijali, mwalimu. Dakika moja tu."

Akazungusha nati ndogo ya kurekebishia waya, waya ukalegea, gurudumu likazunguka kimya. Fundi mzee aliyekuwa jirani akiziba pancha akauliza bila kuinua kichwa, "Mwanangu, umelegeza waya au umeweka sawa kalipa?"

"Si imenyamaza, mzee?"

"Hilo sikukuuliza."

Kijana akacheka, akapokea fedha yake.

Kalipa ni kile kibano kilichofungwa kwenye uma wa baiskeli kwa bolti mbili, chenye pedi mbili na diski katikati yake. Katika breki nyingi za waya, pedi inayotembea ni moja tu, ya nje. Huisukuma diski mpaka ikaegemee pedi ya ndani, ambayo haisogei. Kalipa ya baiskeli ile ilikuwa imehamia upande wa spoku, ndiyo maana pedi ya nje ikawa inaisugua diski. Kulegeza waya kuliirudisha nyuma pedi hiyo, lakini kalipa ikabaki palepale ilipokosea. Sasa pedi ya ndani ilikuwa mbali mno, na kila breki iliposhikwa diski ilipindwa kwanza ndipo ibanwe. Mkono wa breki nao ukawa na safari ndefu kuuelekea usukani. Pale mjini, kwenye tambarare, nani angelijua hilo?

Barabara ya Mombo haifichi kitu. Kutoka Lushoto, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, kupitia Soni hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo unashuka karibu mita 1,000. Mtu, baiskeli na mzigo vikiwa na uzito wa kilo 100, nguvu ya mshuko huo ingetosha kuchemsha lita tatu za maji ya kawaida. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Inayobaki humezwa na pedi na diski.

Kabla ya Soni, mwalimu aliona mkono wa breki ya mbele umeanza kuja karibu na vidole. Akadhani ndivyo zilivyo. Chini ya Soni pedi zilizidi kulika, na waya uliolegezwa haukuwa na akiba. Kwenye kona moja, lori lililotoka kushusha mboga likipanda tupu, alishika breki na mkono ukagota kwenye usukani. Akabana ya nyuma kwa nguvu zote, gurudumu likateleza. Upande mmoja korongo, upande wa pili ukingo wa mlima: akachagua ukingo. Alinusurika, ila alivunjika mtulinga.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kelele ile ilikuwa taarifa, na kijana aliizima badala ya kuisikiliza.

Baiskeli iliporudishwa, mzee aliivua pedi ya nje, akamwonyesha ilivyolika mshazari. Kisha akamfundisha. Kwanza hakikisha gurudumu limekaa sawasawa kwenye uma na ekseli imekazwa, kwa sababu mara nyingine kalipa haina kosa lolote. Zungusha, sikiliza: sauti ikija mara moja kila mzunguko, diski imepinda; ikiwa mfululizo, kalipa imehama. Legeza bolti zake mbili mpaka icheze. Sogeza pedi ya ndani kwa kirekebishio chake mpaka ikaribie kuigusa diski. Shika mkono wa breki, usiuachie, ukaze bolti kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule; ukimaliza moja kabla ya nyingine, kalipa itageuka nayo. Achia, weka karatasi nyeupe nyuma, uchungulie: mwanga mwembamba uonekane pande zote mbili za diski. Waya urekebishwe mwisho.

"Na oili je, mzee, ikilia tena?"

"Oili ni ya mnyororo. Ukiitia kwenye diski, umeiua breki."

Tangu hapo kijana hamkabidhi mtu baiskeli kabla ya kuisukuma mbele ya mteja na kuibana breki, kisha mteja naye ajaribu. Mkono wa breki ukipita nusu ya njia kwenda kwenye usukani kabla gurudumu halijasimama, baiskeli haiondoki, hata kama mteja ameshalipa.