Habari Iliyoletwa na Wanawake

Wapenzi wakatekumeni wa Kibati,

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, moto wa Nyiragongo ulishuka usiku. Je, mama aliyepaza sauti, "Moto! Kimbieni!", aliulizwa kwanza kama ana shahidi wa kiume? La! Watu walitwaa watoto wakakimbia. Basi sikilizeni habari iliyo kubwa kuliko moto ule. Nayo ililetwa na wanawake, lakini haikusadikiwa.

Siku ya kwanza ya juma, alfajiri, Maria Magdalena, Yoana na Maria mama wa Yakobo walikwenda kaburini na manukato. Walikuta jiwe limeviringishwa, na mwili wa Bwana haupo. Wakaambiwa kwamba amefufuka. Wakarudi kuwaarifu Mitume. Mtakatifu Luka hafichi: Mitume waliyaona maneno yao kuwa upuzi. Je, wanawake hao walikuwa waongo? Hasha! Lakini kwa desturi ya wakati ule neno la mwanamke lilikuwa na uzito mdogo barazani.

Bwana aliijua desturi hiyo. Walakini alimwita Maria Magdalena kwa jina lake, akamtuma kwa ndugu zake. Tena Mtakatifu Marko asema kwamba Yezu aliwakaripia wale Kumi na Mmoja, kwa kuwa hawakuwasadiki waliomwona. Imani mtakayoiungama siku ya Ubatizo ilitangazwa kwanza kwa kinywa cha mwanamke. Ndiyo sababu Kanisa lamwita Maria Magdalena mtume wa Mitume. Na mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya 22 Julai iwe sikukuu.

Hata katika nchi yetu ni vivyo hivyo. Sista Anuarite aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Ni nani waliosimulia kwamba alimsamehe mwuaji wake? Ni masista wenzake waliokuwako usiku ule. Kanisa liliupokea ushuhuda wao, na tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yoane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri.

Sasa tutazame nyumba zetu. Mjane asema shamba lake limenyang'anywa. Binti aliyekwenda kutafuta kuni arudi akilia, asema ametendwa jeuri njiani. Sisi twajibu nini? "Maneno ya wanawake!" Hapo twarudia kosa la Mitume, na mwovu atembea bila hofu.

Hatusemi kwamba kila neno lipokelewe bila kuchunguzwa. Petro mwenyewe aliondoka mbio kwenda kaburini kuangalia. Hiyo ndiyo haki: kusikiliza, kuondoka, kuangalia. Kucheka na kukaa kitako si haki.

Basi juma hili kila mmoja ajiulize: ni mwanamke gani niliyemnyamazisha? Aende kwake, aketi, amsikilize. Naye Bwana mfufuka atujalie masikio ya kusikia. Amina.