Vazi la Mwili na Vazi la Ubatizo



Kila mwaka Pasaka ikaribiapo, mwaniuliza: «Mwalimu, tutavaa nini siku ya ubatizo?» Kabla sijajibu, sikilizeni habari ya kampuni moja ya nguo huko Marekani, iliyoitwa American Apparel.

Dov Charney, mzaliwa wa Kanada, aliianzisha mwaka 1989. Wenzake walipopeleka kazi ya kushona katika nchi za mbali wapate kulipa kidogo, yeye alishonesha nguo mjini Los Angeles, akawalipa mafundi kuliko desturi ya viwanda vya namna ile. Wengi wao walikuwa wageni, maskini. Jambo hilo lilikuwa jema, nasi tusilifiche. Watu walisifu, wakanunua; maduka yakazidi 200.

Lakini ili kuuza nguo, kampuni ilionyesha miili. Picha zake zilikuwa za wasichana nusu uchi, hata mtazamaji hakujua ni nguo inayouzwa au ni mtu. Mwaka 2009 baraza lisimamialo matangazo nchini Uingereza lilikataza picha moja, kwa kuwa msichana wake alionekana kama mtoto asiyetimiza miaka 16. Tena wanawake waliofanya kazi humo walimshitaki mwanzilishi kwamba aliwatendea mambo ya aibu, yeye alikana. Mwaka 2014 wakubwa wa kampuni walimwondoa. Madeni nayo yalikuwa yamekwisha kuilemea. Mwaka 2015 ilifilisika, na mwaka 2016 mara ya pili. Mwaka 2017 kampuni ya Gildan ya Kanada ilinunua jina lake kwa dola milioni 88. Jina lilipata mnunuzi, bali mafundi zaidi ya 2,000 walipoteza kazi.

Je, tuseme Mungu aliiangusha kwa sababu ya picha? La. Madeni yaliiangusha, na wengine wenye picha kama zile wangali wakitajirika. Picha zile hazikuwa mbaya siku maduka yalipofungwa. Zilikuwa mbaya hata siku yalipojaa watu. Na mshahara mwema haukuzitakasa. Amlipaye fundi haki yake hapati kwa hiyo ruhusa ya kumvua dada yake heshima.

Nasi tujitazame. Mwaka jana mama mmoja alikaa nyumbani siku ya ubatizo wake, kwa haya ya kukosa kitambaa kipya. Nani alimzuia? Si Padri, wala si Kanisa. Ni macho yetu, yapimayo mtu kwa nguo yake. Tulikuwa tumesali vema na kutoa sadaka vema, lakini ndugu yetu tulimvua heshima.

Basi, shikeni haya moyoni:

Ulizo: Mwili wa mtu ni nini?
Jibu: Ni kazi ya Mungu, na kwa ubatizo huwa hekalu la Roho Mtakatifu; haufai kuwa chambo cha biashara.

Ulizo: Tuvae nini siku ya ubatizo?
Jibu: Nguo safi yenye adabu, hata ikiwa kuukuu. Vazi jeupe tutapewa na Kanisa, wala halina bei.

Mama yule atabatizwa Pasaka hii. Mpisheni nafasi ya mbele.