Nasaha kwa Mwenye Jambo Moyoni

Wanangu wa kijiji chetu cha Mngeta, naandika nikiwa nimechukia. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, mwenye jambo zito anaketi nyuma kabisa, anachorachora mchanga kwa kijiti. Mwenyekiti anauliza kama kuna mengineyo. Kimya. Mkutano ukishafungwa ndipo midomo inapofunguka, huko njiani, watu wakikokota baiskeli.

Sisemi hofu hiyo haina asili. Shamba kubwa la mpunga lilipochukuliwa na mwekezaji mwaka 2008, wapo waliokuwa wakilima mle wakaondoka. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde letu. Mfugaji aliyeyaona hayo akisikia gari limesimama nje usiku, usingizi umekwisha. Mkulima aliyetishiwa fimbo ndani ya mpunga wake mwenyewe, ulimi humwia mzito hata mbele ya watu wema. Mtu wa namna hiyo asichekwe.

Basi wewe uliyeumia, anza na mtu mmoja unayemwamini. Mweleze yote, hata ukilia. Kisha andika kwenye karatasi: siku gani, wapi, nani alikuwepo, unadai nini. Siku ya mkutano simama na mwenzako ubavuni, usome. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Wewe soma tu. Usitukane, na mama wa mtu usimguse. Kama ugomvi ni wa shamba na umati unakushinda, nenda baraza la ardhi la kijiji: wajumbe ni saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Ukishindwa leo, hujachelewa. Kwa sheria mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na usipoitishwa, hilo nalo ni la kuulizia.

Usiende mkutanoni ukiwa umekunywa.

Sasa nyinyi wazee wenzangu, ndio mnaoniudhi zaidi. Binti anakuja jicho limevimba, mnamwambia funika kombe mwanaharamu apite. Apite aende wapi, ilhali binti na mwanaharamu mwenyewe wanalala chumba kimoja? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kusema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Mnasema mnalinda amani ya nyumba. Uongo! Mnaogopa kugombana na ukoo wa mume, na woga huo mnamtwika mtoto wa watu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho mtakuja kukihudhuria mkiwa mmejitanda kanga kana kwamba hamkujua kitu. Akitaka kwenda polisi, dawati la jinsia, mpeni nauli, mahubiri wekeni. Wala msimuulize alifanya nini hata akapigwa.

Mtu akisema, msimkatize.

Na akishasema, asiachwe arudi nyumbani peke yake. Msindikizeni, na asubuhi mmoja wenu apite kumjulia hali.