Mwambieni Mtoto Kilichotokea Hapa



Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka Yordani pakavu, Yoshua hakuwaacha waendelee na safari zao hivi hivi. Aliamuru mawe 12 yatolewe mtoni na kusimamishwa, maana alijua iko siku watoto watauliza mawe haya ni ya nini, na mzazi atapaswa kuwa na jibu. Tena mawe yenyewe hayakuletwa kutoka mbali. Yalitolewa pale pale mguu ulipokanyaga.

Kwa ajili ya mtoto anayeuliza leo, nina neno kwenu walimu wa California, Arizona na Texas. Na nina neno kwenu wazazi mnaozungumza Kiswahili, mliotoka Kongo mkapitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, na ambao leo watoto wenu wanakaa dawati moja na watoto wa Kilatino katika majimbo hayo hayo. Mtoto wa Kilatino akiuliza, "Sisi tulifika hapa lini?", mtamjibu nini? Wapo ambao mababu zao hawakufika popote. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 ulihamisha mpaka wa Marekani na Meksiko, wao wakabaki kwenye mashamba yao, wakaamkia nchi nyingine. Je, mtoto huyo ameambiwa? Au anamaliza darasa la 12 akiaminishwa kwamba yeye ni mgeni katika mji alimozikwa bibi wa bibi yake?

Sikilizeni habari ya Lemon Grove, karibu na San Diego. Tarehe 5 Januari 1931 watoto walirudi shule baada ya likizo ya Krismasi. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Wazungu, piteni. Ninyi wa Kimeksiko, wapatao 75, shule yenu ni ile kule. "Ile kule" lilikuwa jengo la vyumba 2 walilojengewa mtaani kwao pasipo wazazi kuulizwa. Watu wakaliita zizi la farasi, na watoto wakarudi nyumbani.

Wengi wa wazazi hao walikuwa vibarua wa mashamba ya malimau. Fedha hawana, na mwaka wenyewe ni ule ambao watu wa asili ya Meksiko walikuwa wakipakiwa kwenye treni na kupelekwa ng'ambo ya mpaka, hata waliozaliwa Marekani. Kunyamaza kungeeleweka. Wao waliunda kamati ya majirani, wakamwendea balozi mdogo wa Meksiko mjini San Diego, wakapata mawakili, wakaishtaki bodi ya shule. Jina lililotangulia kwenye kesi lilikuwa la mwanafunzi, Roberto Alvarez, mtoto wa miaka 12. Wakashinda! Mwaka 1931, ndugu zangu, miaka 23 kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu ya Brown, iliyokataza kuwatenga wanafunzi kwa rangi. Mwalimu akisimulia asifiche na upungufu wa ushindi ule: uliishia Lemon Grove, na sheria ya California iliendelea kuruhusu kuwatenga watoto wa Kiasia na wa wenyeji wa asili.

Ndiyo maana kesi ikalazimika kurudi. Huko Westminster, jimbo hilo hilo, Soledad Vidaurri alikwenda kuandikisha shule watoto wake pamoja na watoto wa kaka yake, Gonzalo Mendez. Wake, weupe wa ngozi na wenye jina lisilosikika Kihispania, wakakubaliwa. Wa Mendez, weusi kidogo, wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Shangazi akawashika mkono wote akaondoka nao. Mwaka 1945 Mendez na wazazi wengine wanne wakafungua kesi kwa niaba ya watoto wapatao 5,000, na mwaka 1947 mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi wao. Thurgood Marshall alikuwa miongoni mwa mawakili walioandika hoja ya kuwaunga mkono, na ndiye aliyekuja kuisimamia kesi ya Brown. Mama wa Kikongo uliyeko Phoenix, mwanao anaingia mlango wowote wa shule ya umma, na mmoja wa waliousukuma mlango huo ni shangazi wa Kilatino aliyekataa kuwagawa watoto. Utasemaje habari hii haikuhusu?

Msiniletee ile methali ya mwacha mila ni mtumwa. Hapa hakuna aliyeacha kitu. Watoto wamenyimwa historia yao! Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani, na mwalimu wao Sal Castro pamoja nao, wakidai pamoja na mengine wafundishwe historia yao. Castro akashtakiwa pamoja na wenzake 12. Na Tucson je? Shule za mji ule zilikuwa na somo la historia na fasihi ya Wamarekani wa asili ya Meksiko. Mwaka 2010 Arizona ikatunga sheria ya kulizima. Januari 2012 bodi ya shule, ikitishiwa kukatwa mamilioni ya dola, ikalisimamisha, na vitabu vikakusanywa madarasani, vikatiwa kwenye maboksi na kupelekwa ghalani. Vitabu!

Waliolipinga walisema somo lile linafundisha chuki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walipochambua takwimu walikuta kwamba waliolisoma walifaulu mitihani na kuhitimu zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2017 Jaji Wallace Tashima akaamua kwamba marufuku yale yalisukumwa na ubaguzi wa rangi. Na Tashima ni nani? Ni Mmarekani wa asili ya Japani, ambaye utotoni, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alizuiliwa na serikali yake katika kambi ya Poston, jangwani Arizona. Shamba alilolima Gonzalo Mendez huko Westminster lilikuwa la familia ya Munemitsu, pia ya asili ya Japani, nao walikuwa wamefungiwa Poston hiyo hiyo. Mwalimu gani ana habari kama hii mikononi akaliacha darasa lisinzie?

Basi mwalimu, usiniambie mtaala haukuruhusu. Texas ilikubali mwaka 2018 somo la Wamarekani wa asili ya Meksiko lifundishwe sekondari, na California imelipitishia sheria somo la makabila mbalimbali. Na hata lisipokuwa kwenye ratiba, unalo daftari la mahudhurio la zamani, unayo majina ya mitaa, unaye nyanya wa mwanafunzi wako aliyechapwa viboko kwa kusema Kihispania uwanjani. Mwalike. Mpe kiti mbele. Watoto wamuulize wenyewe, nao waandike.

Nanyi wazazi, wa Kilatino na wa Kiswahili, mikutano ya bodi ya shule iko wazi kwa umma. Ulizeni inafanyika lini, jiandikisheni kusema, ombeni mkalimani kama Kiingereza kinawapiga chenga. Dakika mtakazopewa ni chache. Ulizeni swali moja tu: watoto wetu wanafundishwa nini kuhusu mji huu? Msiondoke ukumbini kabla ya kujibiwa.