Picha ya Fedha na Picha ya Wino

Miongoni mwa wapenda picha nyeusi na nyeupe huzuka mara kwa mara swali ambalo kwa juu laonekana la ufundi tu, kumbe ndani yake ni swali la maadili. Tuseme picha mbili zimetundikwa ukutani. Moja imesafishwa kwa dawa katika chumba cha giza, nyingine imetolewa na printa ya wino, na jicho la mtazamaji haliwezi kuzitenga. Je, ile ya kwanza yastahili heshima zaidi kwa kuwa imetolewa jasho?

Yafaa kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Karatasi ya chumba cha giza hupakwa utando wa gelatini wenye chembe za chumvi ya fedha, yaani madini, si sarafu. Mwanga upitao katika negativu huziachia chembe hizo alama isiyoonekana. Dawa ya kwanza huzigeuza zilizoguswa kuwa fedha halisi, na huo ndio weusi tuuonao. Dawa nyingine, ambayo uwezo wake wa kuyeyusha chumvi za fedha uligunduliwa na John Herschel mwaka 1819, huziondoa zile zisizoguswa. Kisha ni maji, tena maji mengi, kwani picha isiyooshwa sawasawa hugeuka manjano baada ya miaka. Ama printa, yenyewe haijui mwanga. Hupokea hesabu kutoka kompyuta na kurusha juu ya karatasi matone madogo mno ya wino mweusi na wa kijivu.

Watetezi wa chumba cha giza husema kwamba mkono unaokinga mwanga kwa kipande cha kadi, sekunde mbili hapa na tano pale, hauwezi kurudia tendo lake barabara. Hivyo kila nakala ni ndugu ya mwenziwe, wala si pacha. Ni kweli. Ansel Adams wa Marekani alipiga mwaka 1941 picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Alifaulu kupiga mara moja tu. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikwisha iacha misalaba ya makaburini. Negativu hiyo moja aliichapa kwa miaka mingi, nakala zaidi ya 1,000. Katika zile za awali mawingu mepesi yaonekana angani. Katika za baadaye anga ni jeusi karibu kama makaa. Ipi basi ndiyo picha ya kweli? Adams, aliyesomea piano katika ujana wake, aliifananisha negativu na muziki ulioandikwa, na kuchapa akakufananisha na kuupiga. Wala hakukiabudu chumba cha giza: katika kitabu chake The Negative cha mwaka 1981 aliandika kwamba anazingojea kwa hamu picha za kielektroniki.

Kwa hiyo hoja ya jasho pekee hainishawishi. Jasho ni sifa ya mtenda kazi. Mwalimu yeyote amekwisha kusahihisha insha iliyonakiliwa kwa mwandiko wa kupendeza na isiyo na kitu ndani. Walakini kuna jambo moja nisiloweza kulipuuza, nalo ni kuwapo kwa mtu. Kwa printa, mpiga picha huamua mara moja, na nakala ya mia yaweza kutoka hali yeye amelala. Adams ilimbidi awe macho kwa kila moja ya zile elfu. Mnunuzi anayelipia kuwapo huko halipii upuuzi, na kwa sababu hiyo ana haki ya kuambiwa kama kulikuwako au hakukuwako.

Hapa ndipo sisi watu wa lugha tunapoguswa. Mwaka 1991 Jack Duganne, mchapaji katika karakana ya Nash Editions huko California, alitafuta jina la kuziitia picha za printa ya wino, maana jina la kawaida lilinuka ofisi. Akachagua giclée, kutokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuruka kwa maji kutoka tundu dogo. (Walimu wenzetu wa Burundi na Kongo wanajua kwamba mitaani neno hilo lina maana nyingine isiyofaa kuandikwa hapa.) Jina likavuma madukani. Lakini wino wa printa za mwanzo ulikuwa ukififia upesi kwenye mwanga, na jina tamu halikumwambia mnunuzi habari hiyo. Wino wa chembe za rangi uliokuja baadaye hudumu zaidi sana, na picha zake zaweza kusimama bila joho la kuazima.

Majumba mengi ya makumbusho leo huandika wazi chini ya picha: chapa ya fedha na gelatini, au chapa ya wino, pamoja na mwaka. Ningeongeza neno moja tu katika kibandiko hicho: ni nani aliyeichapa.