Udaktari wa Nje au Kungoja Nyumbani: Haki ya Nani Imo Ndani ya Karo?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Uganda. Kijana amesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Amefaulu, lakini hakufikia alama za kusomea udaktari kwa udhamini wa serikali. Afanye nini? Arudie mtihani na kuomba tena, au ashike barua ya chuo cha nje kilicho tayari kumpokea Septemba? Mwaka huu swali hilo limeingia nyumbani kwetu Arua, kwa mdogo wangu. Kwa kuwa mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, alinipigia simu akitaka jibu fupi: "Dada, dini inasemaje?"

Dini haikutuletea orodha ya vyuo. Imetufundisha kuhusu nia, mashauriano na haki za watu. Katika mjadala huu nia tunaitaja sana, mashauriano kidogo, na haki za watu karibu tunazisahau kabisa.

Hoja ya kuondoka

Tuanze na hoja ya kwenda nje, maana ina nguvu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu katika Ihya kuwa ni fardhi kifaya: wakipatikana wa kutosha, wengine wamesalimika, wasipopatikana, jamii nzima ina dhambi. Alilalamika pia kwamba watu wa zama zake walijazana kwenye fiqhi na kuuacha utabibu, hata miji mingine ikakosa tabibu Mwislamu. Maneno hayo yananigusa mimi mwenyewe, mwanafunzi wa sharia. Aliyewahi kukaa na mgonjwa kwenye foleni ya hospitali ya wilaya tangu alfajiri hahitaji kuelezwa kwamba fardhi hii bado haijatoshelezwa kwetu.

Kwa hiyo kijana anayesafiri kutafuta udaktari asitukanwe kwamba anakimbilia dunia. Makerere imefundisha madaktari tangu 1924, vyuo vingine vimefuata, na sisi Waislamu tuna Habib Medical School pale Kibuli, lakini waombaji bado ni wengi kuliko nafasi. Kusafiri kwa ajili ya elimu ni desturi yetu ya kale.

Fardhi hutimizwa wodini

Hata hivyo, fardhi hii hutimizwa kwa kutibu. Kupanda ndege peke yake hakutimizi kitu. Basi lazima tuulize: je, njia hii inafika wodini? Aliyesomea nje hurudi akakutana na Baraza la Madaktari, ambalo huangalia chuo chake na kumpa mtihani, kisha bado ana mwaka mzima wa mafunzo kazini hospitalini. Wakala anayekusanya ada za maombi hayasemi haya. Kabla ya kulipa shilingi moja, nenda ukaulize Baraza kuhusu chuo chenyewe, na ujue utamhoji mgonjwa kwa lugha gani utakapofika miaka ya hospitali.

Tena kuna yasiyo mikononi mwa mtu. Waliokuwa wakisoma China walifungiwa nje ya mipaka kuanzia 2020, wakasoma udaktari kwenye simu kwa zaidi ya miaka miwili. Waliokuwa Ukraine walikimbia vita Februari 2022. Waliokuwa Khartoum, wengi wao ndugu zetu Waislamu wa Afrika Mashariki, walikimbia vita Aprili 2023. Hawakufanya kosa lolote. Sisemi kwamba nyumbani hakuna misukosuko, wala kwamba hofu iwe sababu ya kubaki. Nasema familia ijiulize: likitokea la kutokea mwaka wa tatu, tutabaki na nini?

Haki ya wengine

Hapo ndipo suala la mali linapoingia. Baba aliamua kuuza kiwanja chetu kando ya barabara. Kwa hesabu tuliyoipiga, bei yake inatosha karo ya miaka miwili. Masomo ni miaka sita. Nilipouliza kuhusu miaka minne iliyobaki, nikaambiwa, "Mungu atafungua."

Tunaijua hadithi ya Nuuman bin Bashir: baba yake alimpa zawadi, akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, ili awe shahidi. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote vivyo hivyo. Aliposema hapana, alikataa kushuhudia na akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Wanachuoni wametofautisha zawadi na mahitaji. Ibn Qudama, katika Mughni, ameona inafaa kumtanguliza mtoto mmoja kwa sababu ya kweli, kama maradhi, wingi wa watoto wake, au kujishughulisha na elimu. Kwa hiyo baba hakukosa kutaka kumsomesha mwanawe. Lakini sababu ya kweli hujulikana kwa kuangaliwa, na wenye haki nyingine wakiwepo.

Nilimwambia mdogo wangu wazi kwamba mimi si mwamuzi asiye na maslahi. Nami ni mtoto wa nyumba ile. Nikamwomba baba tukae wote, pamoja na wadogo zetu wawili wa kike. Wa kidato cha pili aliuliza jambo moja tu: "Na mimi nikitaka kusoma, tutauza nini?" Hakuna aliyemjibu. Naamini swali hilo lilikuwa na fiqhi zaidi ya yote niliyoyasema mimi.

Kurudi si kushindwa

Wengine husema, "Swali istikhara, yaishe." Istikhara ni sunna, Mtume aliwafundisha masahaba kama alivyowafundisha sura za Qur'ani. Lakini haiondoi kazi ya kuuliza na kuhesabu. Umar alipokuwa njiani kwenda Sham na kusikia habari za tauni, aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, ndipo akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari kuelekea kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia bondeni: upande mmoja una malisho, mwingine mkavu, na popote atakapolisha, ni kwa kadari. Kiongozi wa Waislamu aligeuza msafara mbele ya watu wote, wala hakuona aibu.

Nalitaja hili kwa sababu aibu ndiyo mshauri mkubwa wa vijana wetu. Mdogo wangu alisema mwaka utapotea. Nikamuuliza: "Kama mtaani hakuna hata mmoja anayejua matokeo yako, ungechagua lipi?" Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema angerudia mtihani.

Rai yangu ni hii. Mlango wa nyumbani ukiwa bado una nafasi ya kufunguka, mwaka mmoja wa subira ni bei ndogo kuliko urithi wa watu watano. Mwaka huo si wa kulala: arudie mtihani, aombe na misaada ya masomo ambayo haiuzi kiwanja cha mtu, kama ile ya Uturuki na Misri. Asidharau stashahada ya utabibu, maana wapo walioanzia hapo, wakatibu watu, kisha wakaomba shahada. Na mlango ukifungwa tena, basi aende, mradi hesabu ya miaka yote sita iwe mezani na waliochangia wawe wameridhia kwa hiari, bila kusukumwa na haya.

Hadi naandika haya kiwanja hakijauzwa. Mdogo wangu amejiandikisha kurudia mtihani, na barua ya chuo ameihifadhi. Sijui kama alama zitatosha. Najua tu kwamba akivaa koti jeupe siku moja, hapa au ugenini, hakuna dada yake atakayelitazama akihesabu alichonyimwa.

Mwenyezi Mungu awafungulie wote wanaongoja majibu, na aibariki elimu yao. Wabillahi tawfiq.