Je, Yafaa Kujua Mapema?

Mzee akisahau majina ya wanawe, msiseme amerogwa. Pengine ni ugonjwa wa ubongo, ule alioueleza mganga Alois Alzheimer huko Ujerumani mwaka 1906. Nao huanza kwa siri, yapata miaka 20 kabla ya dalili. Siku hizi alama zake, protini ziitwazo amiloidi na tau, hupimwa katika damu. Marekani iliruhusu kipimo cha namna hiyo mwaka 2025, kwa wenye dalili tayari. Dawa ya kuuponya haipo. Zilizopo huupunguza mwendo tu.

Basi, kumwambia mtu kwafaa nini? Kwafaa, akitaka mwenyewe. Akili ingali nzima, aweza kulipa deni, kugawa mashamba, kupatana na nduguye, kumchagua atakayemtunza. Asipotaka kujua, asilazimishwe. Wala jamaa wasiambiwe kabla yake.